Karagwe na Kyerwa: pigia gesti simu mwenyewe, historia iko kwa anayepokea

Ukitafuta chumba cha Kayanga au Nkwenda kwenye programu za simu, majina yanayotokea ni machache. Ukifika mwenyewe unakuta gesti karibu kila mtaa. Nyingi hazijajisajili kwenye mitandao hiyo. Namba zake zimechorwa ukutani, ziko kwenye bango la barabarani, au anazo kondakta wa basi la Bukoba.

Faida ya kwanza ya kupiga simu moja kwa moja inajulikana: pesa. Mitandao mikubwa ya kutafutia vyumba humkata mwenye nyumba kamisheni, mara nyingi asilimia 15 hivi. Kwa chumba cha shilingi 40,000, hiyo ni shilingi 6,000 inayoondoka Karagwe kabla mgeni hajanywa hata chai. Ukipiga mwenyewe, mnaweza kuelewana bei, hasa ukikaa siku tatu au nne.

Lakini kwa wilaya hizi mbili, kilicho muhimu zaidi ni mtu anayepokea simu. Historia ya huku haina vibao. Iko kwa wazee, na mgeni asiye na wa kumpeleka hawafikii.

Chukua Bweranyange. Hapa ndipo ulipokuwa mji mkuu wa ufalme wa Karagwe chini ya Abahinda. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke aliendelea Buganda Januari 1862, Grant akabaki miezi kadhaa kwa sababu ya mguu mbovu. Kitabuni Speke aliliandika jina la mahali hapo "Weranhanje", na ziwa dogo lililo chini ya kilima akalibatiza jina la ziwa la kwao. Mtu anayesafiri na kitabu hicho mkononi akiulizia majina hayo stendi ya Kayanga, ataangaliwa tu.

Stanley alifuata mwaka 1876. Alifikia Kafuro kwa mfanyabiashara Mwarabu, Hamed Ibrahim, maana misafara ya pwani ilikuwa imeshazoea njia hiyo ya kwenda Buganda. Rumanyika alimwonesha nyumba ya hazina: mikuki, sanamu za bata, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Kazi za wahunzi wa Karagwe leo ziko hadi kwenye makumbusho za Ulaya. Vijijini kilichobaki zaidi ni maneno.

Na maneno hayo hayafanani kila nyumba. Simulizi ya watawala inasema Ruhinda alikuja akauchukua utawala kwa Nono, wa ukoo wa Abasita. Aliyezaliwa kwa Abahinda na aliyezaliwa kwa Abasita hawana sababu ya kulieleza jambo hilo kwa namna moja. Hata Rumanyika mwenyewe alimgombania kiti ndugu yake Rogero baada ya baba yao, Dagara, kufariki. Speke aliambiwa kwamba kulikuwa na ngoma ndogo ambayo mrithi wa kweli tu ndiye angeweza kuiinua, kisha akaambiwa pia kuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kazeh (Tabora ya leo), alisaidia kumshinda Rogero. Ngoma au bunduki? Swali hilo linafaa kuulizwa kwenye kibaraza cha mzee, na si kwa mzee mmoja tu.

Ndiyo maana simu ya kwanza isiishie kwenye bei. Uliza mambo ya kawaida: choo kiko ndani (wenyewe wanasema "self"), maji ya moto yapo, geti linafungwa saa ngapi. Kayanga iko juu na usiku kuna baridi, kwa hiyo blanketi la pili siyo anasa. Halafu ongeza: "Nani hapo anayejua habari za zamani za kijiji, na anaweza kunipokea?" Dada wa mapokezi pengine hajui. Mwenye gesti anajua, au shangazi yake anajua. Mgeni akipelekwa na mtu wa nyumbani hupokelewa tofauti na aliyeshuka kwenye bodaboda na kamera shingoni.

Kuhusu malipo ya awali, tahadhari ni ileile ya kila siku. Namba iliyokaa mtandaoni miaka mingi inaweza kuwa ilishabadilisha mwenyewe. Kabla hujathibitisha muamala, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama hulielewi, acha kwanza, piga uulize. Usiku mmoja unatosha kuwa malipo ya kushikia chumba. Ukifika, andikisha jina lako kwenye daftari la wageni na uombe risiti. Wilaya hizi ziko mpakani, kuulizwa kitambulisho ni kawaida, hivyo usinune. Gesti bubu isiyo na leseni wala daftari ni rahisi leo, lakini kesho ukipoteza begi huna pa kushitaki.

Ukipelekwa kijijini, anzia kwa mwenyekiti au mtendaji. Mzee asianze kuhojiwa kabla ya salamu, na simu ya kurekodia isitolewe kabla ya kuomba ruhusa. Sukari na sabuni vinapokelewa vizuri. Kama ni kumchukulia siku nzima, elewaneni malipo mapema, kwa sababu ameacha migomba na kahawa yake kukufuata wewe. Anayefanya utafiti rasmi anahitaji kibali cha COSTECH.

Kyerwa, iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina habari zake. Chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Stanley alizitembelea, bado zinaendewa na watu wanaoamini zinaponya. Machimbo ya bati nayo yana wazee wake wanaokumbuka. Hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, na hapo ndipo wasiwasi ulipo: mgeni anaweza kuletwa na gari kutoka mbali, akaona wanyama, akarudi bila kulala wala kuuliza kijiji kinaitwaje.

Ukikuta kipande cha chuma, mabaki ya uhunzi au kigae shambani, kiache hapohapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na picha inatosha.

Lami kutoka Bukoba kupitia Kyaka inakufikisha vizuri. Ukishaiacha barabara kuu kwenda vijijini ni vumbi, na kuanzia Machi hadi Mei ni tope. Mwulize mwenye gesti asubuhi ya safari, atajua bodaboda ipi inapanda mlima na ipi itakuacha njiani.