Picha ipo, sauti haipo: kupanga sauti ya kidijitali kwenye deki ya kurekodi

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, diski za harusi na maulidi zilizorekodiwa miaka ya 2000 bado zimehifadhiwa kabatini. Siku familia inapokusanyika kuzitazama, hutokea jambo la kufadhaisha: marehemu babu anaonekana, midomo yake inacheza, lakini hasikiki, au mahali pa sauti yake hutoka mvumo mkali. Wengi huamua papo hapo kuwa diski imeharibika. Mara nyingi sivyo. Deki na amplifaya ndizo zisizoelewana lugha.

Deki ya kurekodi hutoa sauti kwa njia mbili. Matundu mawili, jekundu na jeupe, hutoa sauti ya analojia, ambayo deki imekwisha kuifasiri. Tundu la kidijitali hupeleka sauti ikiwa mfululizo wa tarakimu, ama kwa waya wa shaba, ama kwa waya wa nuru, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983. Asiye na waya maalumu wa shaba aweza kutumia ule wa manjano wa picha, kwa kuwa nao hutengenezwa kwa kipimo kilekile cha ohm 75. Waya wa nuru huuzwa ukiwa na kifuniko kidogo nchani. Kikisahauliwa, hakuna kitakachosikika.

Kazi yenyewe imo kwenye menyu. Katika mipangilio ya sauti, kwenye mstari wa sauti ya kidijitali, mtumiaji hukuta maneno mawili: PCM na Bitstream. Ikichaguliwa PCM, deki huifasiri sauti yenyewe na kuipeleka ikiwa tayari kusikika. Ikichaguliwa Bitstream, deki huipeleka kama barua ndani ya bahasha, na kuiachia amplifaya kazi ya kuifungua. Amplifaya yenye nembo ya Dolby Digital hufungua bahasha ya Dolby bila shida, ingawa ya DTS huhitaji nembo yake. Sabufa nyingi za kawaida haziwezi kufungua hata moja, na hapo ndipo ukimya au mvumo unapozaliwa.

Ipi ichaguliwe? Bitstream husifiwa sana, na kwa diski za filamu sifa hiyo ni ya haki: waya hizo mbili hazina nafasi ya kupitisha chaneli sita zilizokwisha kufunguliwa, hivyo kwa PCM husikika mbili tu. Diski za nyumbani ni habari nyingine. Deki nyingi za DVD hurekodi kwa Dolby Digital ya chaneli mbili, ya kulia na ya kushoto. Kuzifasiri kwa PCM hakupotezi chaneli hata moja. Kwa kumbukumbu za familia, basi, PCM ndiyo chaguo salama, hata pale fundi anapotikisa kichwa.

Kabla ya kujaribu, sauti ya amplifaya iteremshwe hadi chini kabisa, kwa maana mvumo wa sauti isiyofasiriwa waweza kuumiza masikio na kuunguza spika ndogo. Kisha amplifaya nayo ielekezwe kwenye tundu lililotumika, OPTICAL au COAXIAL. Kosa hili dogo hupoteza saa nzima za watu. Palipo na waya wa HDMI, itazamwe pia kama deki imeagizwa kupeleka sauti huko au kwenye tundu la nuru peke yake.

Ukimya ukiendelea, waya za nyekundu na nyeupe ziunganishwe moja kwa moja na runinga. Babu akisikika, diski ni nzima, na la kurekebishwa limo kwenye menyu au kwenye waya. Asiposikika hata huko, ilhali diski nyingine zinasikika, yawezekana sauti haikuingia tangu siku ya kurekodi, na hilo hakuna mpangilio utakaolirudisha.