UZI: Benki ikitaka kuuza nyumba yako, serikali inakusaidia na nini?

Wadau, kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme serikali yake haitakubali mwananchi anyang'anywe nyumba na benki. Watu wanashangilia, video inasambaa. Hebu leo tuichambue hiyo ahadi. Sitaji mtu wala chama, na mkitaja kwa komenti nitapita tu kama sijaona.

Kwanza, hapa Kenya hakuna hazina ya serikali ya kumlipia mwenye nyumba aliyelemewa na mkopo. Marekani walitenga hazina kama hiyo 2021 kwa sababu ya korona, karibu dola bilioni 10. Sisi hatuna. Ile asilimia 1.5 ya mshahara tunayokatwa ni ya kujenga nyumba za bei nafuu, si ya kuokoa zilizo kwenye rehani. KMRC nayo hukopesha benki na sacco ili zikukopeshe wewe. Kuna pia nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba, sasa hadi sh360,000 ya riba kwa mwaka, lakini hiyo inamfaa mwenye kipato kinachotozwa kodi. Ukifutwa kazi itakusaidia nini?

2020 Benki Kuu iliruhusu mikopo ya watu binafsi iongezewe muda hadi mwaka mmoja. Hata hapo serikali haikukulipia deni. Ulienda benki yako ukaomba, nayo ikaangalia hali yako. Machi 2021 mpango ukafungwa.

Kwa hivyo msaada uliopo ni wa sheria, na unakuja kama siku. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema hivi: ukikosa kulipa na mwezi mmoja ukapita, benki inaweza kukupa ilani ya maandishi yenye kiasi unachodaiwa, na muda wa kulipa usiopungua miezi mitatu. Usipolipa, inakupa ilani nyingine ya kuuza, siku 40, na nakala apewe mwenzi wako. Halafu dalali naye anakupa siku zake 45 za kukomboa. Jumlisha hapo, ni karibu miezi saba.

Wengi huzimaliza hizo siku kwa kujificha simu ya benki. Mimi naona huo ndio wakati wa kwenda na karatasi mkononi, uombe mkopo upangwe upya, ama ukubaliwe utafute mnunuzi mwenyewe. Ukiuza bila haraka, kwa kawaida unapata bei kuliko pale dalali amesimama na watu watatu.

Kagua pia makosa. Benki iliruka ilani? Nyumba ilithaminiwa kabla ya kuuzwa? Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi alikubali iwekwe rehani? Hapo mahakama inaweza kusimamisha mnada, na hata bila kosa la benki unaweza kuiomba iahirishe uuzaji.

Na hili mikutano ya siasa hailigusi kabisa: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayoongezwa kuanzia hapo haiwezi kupita deni la msingi lililobaki siku hiyo. Kama ulibakisha sh3 milioni, riba mpya mwisho wake ni sh3 milioni, kisha gharama za kufuatilia deni. Ukiletewa sh9 milioni, itisha hesabu yote kwa maandishi.

Lakini yote haya ni kabla ya mnada. Nyundo ikishagonga, haki ya kukomboa imekwisha. Kama benki ilikosea utadai fidia, nyumba tayari ni ya mtu mwingine.

Sasa yule wa jukwaani akirudia ahadi yake, mimi ningemuuliza: unaongeza siku, unalazimisha benki zipange mikopo upya, ama unaanzisha hazina? Na kama ni hazina, anayeichangia ni nani, yule mpangaji wa Pipeline ambaye hata ploti hana?