Kazi Inayokufuata Hadi Kitandani

Mwaka 1998 watafiti wa Israel, Dalia Etzion, Dov Eden na Yael Lapidot, walichapisha utafiti juu ya wanaume walioitwa kutoka makazini kwenda kutumikia jeshi la akiba. Ungetarajia warudi wakiwa hoi. Kumbe waliporudi kazini, msongo na uchovu wao wa kazi ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakuitwa. Waliofaidika zaidi ni wale ambao, wakiwa huko jeshini, kazi yao ya kila siku iliwatoka kabisa akilini.

Kumbe kupumzika si lazima kukaa bure. Mtu anaweza kupalilia bustani jioni nzima akaamka mzima, na mwingine akajilaza kwenye kochi, simu kifuani, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Sabine Sonnentag wa Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Mwaka 2007, yeye na Charlotte Fritz walitoa dodoso linalopima, pamoja na mengine, kama mtu akitoka kazini huisahau kazi kweli au huondoka nayo.

Kwa nini huondoka nayo? Mara nyingi ni kwa sababu ya kiporo. Shughuli iliyokatizwa katikati hurudi akilini bila kuitwa, tena wakati mbaya: unasikiliza hadithi ya mtoto, ghafla unakumbuka barua ambayo hukuijibu. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa Marekani walionyesha kwamba mawazo hayo hutulia mtu akishapanga jinsi atakavyoimaliza shughuli yenyewe, hata kama bado hajaigusa.

Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, aliupeleka mpango huo kitandani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, vijana 57 walilala maabarani wakiwa wamefungwa vipimo vya usingizi kichwani. Kabla ya taa kuzimwa waliandika kwa dakika 5: wengine mambo waliyokwisha kuyafanya, wengine yale yanayowasubiri siku zijazo. Mtu angedhani orodha ya madeni itamkosesha mtu usingizi. Haikuwa hivyo: walioandika yanayowasubiri walipitiwa na usingizi takriban dakika 9 mapema, na kadiri walivyoandika kwa undani ndivyo walivyolala upesi. Kwa hiyo kuandika “ripoti” tu hakutoshi. Andika: “Saa 3 asubuhi nimpigie mhasibu, nimwombe risiti za Machi, kisha nimalize jedwali la pili.”

Lakini orodha haimfai sana mtu ambaye kundi la WhatsApp la kazini linalia hadi usiku wa manane. Mtafiti William Becker na wenzake, mwaka 2018, waliona kwamba si lazima ujumbe wenyewe uje. Kule kujua tu kwamba unatarajiwa kujibu kunatosha kumtia mtu wasiwasi, na mwenzi wake nyumbani pia huumia.

Hapo ndipo sheria zinapoingia. Ufaransa ilianza Januari 1, 2017, ikazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kuachana na simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi. Nchini Kenya, muswada wa Seneta Samson Cherargei wa mwaka 2022 ulitaka haki kama hiyo, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Mimi naunga mkono sheria, ila kibarua asiye na mkataba haitamfikia upesi.

Bosi mwenyewe hana haja ya kungoja Bunge. Dakika 10 za mwisho wa siku zinawatosha watu kuandika viporo vyao vya kesho, bila kikao cha dharura saa 10:50 jioni. Na kama wazo linamjia saa 4 usiku, aliandike: huduma nyingi za barua pepe siku hizi zina sehemu ya kupanga saa ya kutuma. Achague saa 2 asubuhi.