Mlezi Mmoja, Milango Mitano
Stahiki za wanaolea watoto peke yao katika Kibaha na Kisarawe

Hakuna katika sheria za Tanzania posho iliyotengwa kwa ajili ya mzazi aleaye peke yake. Uingereza ilianza mwaka 1946 kulipa posho ya familia kwa kila mtoto kuanzia wa pili, na fedha hizo zikakabidhiwa mama. Nchi yetu haikushika njia hiyo, bali imeugawa msaada wake katika mafungu mbalimbali, kila fungu likiwa na ofisi yake. Kwa sababu hiyo mjane wa Magindu, mtalaka wa Mlandizi, binti wa Maneromango aliyepewa mimba kisha akatelekezwa, na hata baba wa Msanga aliyefiwa na mkewe akabaki na kitoto kichanga, hawana mlango mmoja wa kubisha hodi. Wana milango mitano, na kila mmoja una mwenyewe, una karatasi zake na una siku yake. Muradi wa makala hii ni kuipitia milango hiyo, na kuonyesha kwamba kilicho adimu kwa mlezi wa namna hii si fedha peke yake. Wakati na mikono ya kumsaidia ni adimu zaidi.

Mlango ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Kibaha ina fungu lake katika historia ya mfuko huo, kwani pamoja na Bagamoyo na Chamwino ndiko ilikojaribiwa ruzuku ya fedha taslimu yenye masharti kabla haijaenezwa nchi nzima, na malipo ya kwanza yalitoka Januari 2010. Masharti yalikuwa bayana: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mwenye umri wa miaka 7 hadi 15 ahudhurie shule kwa asilimia 80 au zaidi, na mzee akapimwe afya walau mara moja kwa mwaka. Walikuwapo waliodhani kuwa fedha apewayo fukara bila jasho huishia vilabuni. Lakini watafiti waliolinganisha vijiji 80 katika wilaya hizo, nusu vikilipwa na nusu vikingoja, walichapisha mwaka 2014 matokeo yaliyowasuta wenye dhana hiyo: watoto wa kaya zilizolipwa waliwazidi wenzao katika kumaliza darasa la saba, walinunuliwa viatu, na wazazi wao wakajiunga na bima ya afya na kuongeza mifugo.

Mwaka 2012 jaribio hilo likawa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Ikumbukwe kwamba mpango huu hautazami ndoa wala talaka, unatazama umaskini wa kaya. Majina hutajwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha hujazwa dodoso linalouliza habari za paa, sakafu, mlo na idadi ya wategemezi. Mlezi asiyekuwa na ndugu wa kumsemea, naye siku ya mkutano yuko shambani au yuko hospitali ya Tumbi kwa matibabu ya mwanawe, huweza kuachwa nje ilhali dhiki yake inajulikana na kila jirani.

Kiasi chenyewe ni kidogo. Kwa viwango vya kipindi cha kwanza, kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa 4,000 kwa kuwa na watoto, 4,000 kwa mtoto mchanga aliyehudhuria kliniki, 2,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 4,000 kwa wa sekondari ya chini. Tuseme mama ana kichanga, ana wa darasa la nne na wa kidato cha pili: hesabu yake ilikuwa shilingi 24,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Siku ya malipo majina husomwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, kadi ya mlengwa hutazamwa, na asiyejua kuandika huchovya kidole gumba katika wino, ingawa siku hizi wengine hupokea kwa simu. Tena zipo kazi za muda za kuchimba lambo au kutengeneza barabara, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku katika kipindi hicho cha kwanza, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwenye mume huenda kazini na kumwacha mwenzake akipalilia mihogo. Aliye peke yake, siku anayochimba lambo ndiyo siku ambayo magugu humea katika shamba lake.

Mlango wa pili ni mahakama. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihukumiwa kwa sheria ya tangu enzi za Mwingereza iliyoyawekea masurufu yake kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho thamani ya fedha ilipoporomoka kikageuka kuwa mzaha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta, ikaweka kwamba mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, gharama za maisha na mahitaji ya mtoto, ndipo ikadirie. Anaweza kudai mzazi, mlezi, ndugu, au Afisa Ustawi wa Jamii kwa niaba ya mtoto, na shauri husikilizwa faragha. Baba akikana, mahakama ina uwezo wa kuamuru kipimo cha vinasaba. Kwa waliokuwa katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kumwajibisha baba kuwatunza wanawe, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mwingine. Talaka humtenga mtu na mkewe, haimtengi na damu yake.

Zamani, miongoni mwa Wazaramo wa Kisarawe, mjomba alikuwa na sauti kubwa na mzigo mkubwa juu ya watoto wa dada yake, na mwanamke aliyeachwa hakukosa pa kurudi. Leo aghalabu mjomba huyo yumo Dar es Salaam, naye anahangaikia kodi ya chumba. Mama anayetoka Mzenga au Vikumburu kufuata shauri Kisarawe mjini hutumia nauli ya kwenda na kurudi, na shauri likiahirishwa mara mbili tatu, masurufu anayoyadai yamekwisha kuliwa na safari. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa asiye na uwezo haki ya kupata wakili au msaidizi wa sheria bila malipo, na ni hasara kubwa kwamba wanaoijua haki hiyo ni wachache.

Mlango wa tatu ni shule na wa nne ni zahanati, na hii ni mipana kuliko mingine kwa kuwa haimuulizi mtu dhiki yake. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka 2022. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio la wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, na huo huenda ukawa msaada mkubwa kuliko ruzuku yoyote kwa mama mwenye umri wa miaka 16. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo ilitamka kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo. Hata hivyo sare, madaftari, na dawa zinazokosekana dirishani hubaki juu ya mzazi.

Mlango wa tano ni mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ukarejeshwa mwaka 2024. Kibaha Mji yenye viwanda ina kikapu kipana kuliko wilaya inayotegemea ushuru wa mazao, na asilimia 10 ya kidogo ni kidogo zaidi. Isitoshe, mkopo hutolewa kwa kikundi chenye katiba na usajili, na kikundi huchagua wanachama wanaohudhuria vikao bila kukosa. Mlezi ambaye mtoto wake akiugua hana wa kumwachia ndiye wa kwanza kutozwa faini ya utoro.

Basi anayelea peke yake na aanze na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho mama hazuiliwi kukiomba kwa sababu ya baba kutoonekana. Kisha amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kwa kuwa huyo ndiye mwenye njia ya kuelekea mahakamani, hospitalini na TASAF. Kwa upande wa serikali, dawa haihitaji sheria mpya. Ingetosha siku moja ya kila mwezi iliyotangazwa, ambayo wakuu wa milango hii wangekutana katika ofisi ya kata, Maneromango mwezi huu na Marui mwezi ujao, Soga kisha Kwala, wamalize kwa asubuhi moja shughuli ambayo sasa humchukua mtu msimu mzima. Sheria imekwisha kutamka kwamba haki ya kutunzwa ni ya mtoto. Lililobaki ni ofisi kumfuata mtoto alipo, badala ya kumtaka mama mwenye mtoto mgongoni azizungukie ofisi.