Mchungaji Dube na shule ya kilimani

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 27 Aprili, 1994, mzee wa miaka 75 alifika katika kilima cha Inanda, kaskazini ya mji wa Durban, Afrika Kusini. Mzee huyo alikuwa Nelson Mandela, naye alikwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Katika nchi ile kubwa, alichagua kituo cha shule ya Ohlange. Hapo alisimama mbele ya kaburi, akamwarifu aliyelala humo kwamba nchi sasa ilikuwa huru.

Aliyepewa taarifa hiyo ni Mchungaji John Langalibalele Dube, rais wa kwanza wa chama cha ANC. Wengi humkumbuka kwa cheo hicho, lakini cheo alikishika kwa miaka mitano tu, hali shule aliitumikia miongo kwa miongo. Wala hakuijenga peke yake. Mwenzake katika kazi ile, siku Mandela alipokwenda Inanda, alikuwa amelala mbali sana na hapo, katika kaburi lisilo na hata jina.

ELIMU NA JEMBE

Dube alizaliwa Inanda mwaka 1871, mtoto wa mchungaji wa misheni ya Wamarekani. Mwaka 1887, angali kijana, alisafiri kwenda Marekani, akasoma katika chuo cha Oberlin huku akijikimu kwa kazi za mikono. Aliporudi nyumbani, mwaka 1894, alimwoa Nokutela Mdima, binti msomi wa shule ya wasichana ya Inanda. Miaka miwili baadaye wote wawili walivuka bahari. Mume akasomea uchungaji. Mke akasomea muziki na maarifa ya nyumbani.

Mwaka 1897 Dube alikitembelea chuo cha Tuskegee, kilichoongozwa na Booker T. Washington. Aliwaona vijana weusi wakisoma vitabu na papo hapo wakifyatua matofali ya madarasa yao wenyewe. Naye akataka shule ya namna hiyo kwao. Sisi tuliolelewa katika Elimu ya Kujitegemea tangu 1967 hatuhitaji kuelezwa maana ya fikra hiyo.

Chifu Mqhawe wa Waqadi, jamaa yake Dube, aliwapa ardhi. Kufikia 1901 Ohlange ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Wanafunzi walijifunza hesabu na lugha, kadhalika useremala, ushonaji na kilimo. Nokutela alifundisha muziki na kazi za nyumbani, akawaongoza wanafunzi katika nyimbo zilizosaidia kukusanya fedha za kuiendesha shule. Kitabu cha nyimbo za Kizulu cha mwaka 1911 kilikuwa tunda la mume na mke. Gazeti la Ilanga lase Natal, alilolianzisha Dube mwaka 1903, lilikuwa sauti ya watu wasiokuwa na sauti bungeni. Miongoni mwa waliopita katika madarasa yale ni Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani.

MAJARIBU

Tarehe 8 Januari, 1912, wajumbe waliokutana Bloemfontein kukiasisi chama walimchagua Dube kuwa rais, ingawa mwenyewe hakuwapo. Mkutano ulifungwa kwa wimbo wa Enoch Sontonga, ambao tuni yake ndiyo tunayosimama wima kuiimba sisi Watanzania. Mwaka uliofuata serikali ya wazungu ilipitisha sheria ya ardhi iliyowabakizia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi yao. Dube na wenzake walikwenda London mwaka 1914 kulalamika, wakarudi mikono mitupu. Wenzake walipoona analegeza msimamo juu ya kutenganisha ardhi kwa rangi, aliuacha urais mwaka 1917.

Nyumbani nako mambo yalikuwa mazito. Ndoa haikujaliwa mtoto, na kwa kosa la mume, aliyezaa nje, wawili hao wakatengana. Nokutela alifariki mwaka huo huo wa 1917, Johannesburg. Dube alioa tena, akaendelea na shule yake, na mwaka 1936 akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa digrii ya heshima ya udaktari na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Alifariki Februari 1946, akazikwa Ohlange.

Nokutela alisahauliwa kwa miaka mingi, hata mtafiti na mtengeneza filamu kutoka Mali, Cherif Keita, alipolitafuta kaburi lake katika makaburi ya Brixton. Mwaka 2013 liliwekwa jiwe lenye jina lake, na mwaka 2017 taifa likamtunuku Nishani ya Mbuyu ya dhahabu, miaka 100 baada ya kifo chake.

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kumheshimu Mchungaji Dube si kuyaficha makosa yake; ni kuitazama kazi yote, pamoja na mikono yote iliyoifanya. Katika mitaa yetu pia zipo shule zilizosimamishwa na mwalimu mmoja anayesifiwa na mkewe asiyetajwa. Watoto wetu watakapoulizia historia ya shule hizo, tuwatajie majina yote mawili.