Rejeleo lililopotea na rejeleo lisilopatikana

Mtafsiri wa programu za uchoraji kwa kompyuta hukutana mapema na tangazo fupi linaloarifu kwamba faili la nje lililotajwa katika mchoro halikuonekana. Wengi huliandika «rejeo limepotea», na msomaji huelewa kinachokusudiwa. Hata hivyo maneno yote mawili yana kasoro, na kasoro ya pili yaweza kumfanya mchoraji afute kile alichopaswa kukitafuta.

Kitenzi rejea, kwa mzungumzaji wa Unguja, kwanza kabisa ni kurudi: marejeo ya msafiri ni kurudi kwake nyumbani. Maana ya kutaja chanzo imezoeleka vyuoni, ambako orodha ya vitabu huitwa marejeo. Lakini rejelea, lenye mnyambuliko wa kutendea, ndilo linaloelekeza kwenye kitu fulani. Kwa hiyo rejeleo, wingi marejeleo, ndilo jina linalofaa zaidi kwa faili ambalo mchoro hulitaja. Kuhusu faili lenyewe, ngeli ya LI-YA na ya I-ZI zote zinatumika, ila zisichanganywe katika maandishi mamoja.

Neno potea lina uzito mkubwa zaidi. Kilichopotea hakijulikani kilipo, na huenda hakipo tena. Kilichokosekana kilitarajiwa mahali fulani, kikatafutwa hapo, hakikuwapo. Mtoto aliyepotea hutafutwa na kijiji kizima. Aliyekosekana darasani huenda yuko kwao amelala. Kompyuta haina uwezo wa kujua kwamba faili limepotea. Inajua tu kwamba halikupatikana pale ilipoelekezwa.

Tangu toleo la 11 la AutoCAD, la mwaka 1990, mchoro mmoja waweza kuuonyesha mwingine bila kuumeza. Mchoro mwenyeji huhifadhi jina la mgeni na njia ya kumfikia. Mistari yenyewe hubaki katika faili la mgeni. Ichukuliwe kwamba mradi wa kupima maeneo ya kale ya Mangapwani, yapata kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe, una mchoro wa msingi wa ufukwe uliotajwa na michoro mingine arobaini kwa njia hii: D:\Mangapwani\Msingi\pwani.dwg. Siku kompyuta ile itakapobadilishwa, na diski D isiwepo, michoro yote arobaini itatoa tangazo lilelile, ilhali faili limo salama katika diski mpya. Kilichokatika ni njia. (Kukatika ndiko kwetu hasa, kama umeme na mawasiliano, «njia iliyovunjika» ni Kiingereza kilichovaa kanzu.)

Njia iliyoandikwa ..\Msingi\pwani.dwg huhesabiwa kuanzia pale mchoro mwenyeji ulipo: nukta mbili zinaagiza kupanda ngazi moja. Folda nzima ikihamishwa kwa pamoja, njia hiyo haikatiki. Tangu toleo la 2018 AutoCAD huchagua njia ya namna hii isipoelekezwa vingine, lakini michoro ya zamani hubaki na njia zake kamili.

Hatari kubwa zaidi haina tangazo. Programu isipoliona faili kwenye njia iliyoandikwa, huendelea kulitafuta kwa jina katika folda ya mchoro mwenyeji na katika folda nyingine ilizopangiwa. Ikikuta jina linalofanana, huchukua. Na Mangapwani ndipo mahali pa kuliogopa jambo hili, kwa sababu hapo pana sehemu mbili ambazo wageni, na wenyeji pia, huziita pango: pango la asili la matumbawe lenye maji baridi, na chumba kilichochongwa chini ya ardhi ambacho inasimuliwa kilificha watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Wapimaji wawili wakiita mafaili yao pango.dwg, mchoro wa chumba waweza kufunguka ukiwa na mipaka ya pango, bila onyo lolote. Rejeleo lisilopatikana angalau linakiri.

Kwa hiyo marekebisho huanza na nakala ya folda nzima, kisha orodha ya kila njia iliyoandikwa na kila faili lililopo. Majina yanayojirudia hutenganishwa kabla ya kugusa chochote. Hapo ndipo programu ya kusimamia marejeleo inayofuatana na AutoCAD hutumika kubadilisha kipande cha njia katika michoro mingi kwa mara moja, bila kuifungua mmoja mmoja. Baadaye michoro hufunguliwa na kutazamwa kwa jicho: je, ukuta umekaa mahali pake, kipimo ni kilekile? Fonti nazo zikaguliwe, kwani fonti mbadala yaweza kugeuza alama ya kipenyo kuwa alama ya kuuliza.

Katika orodha hiyo hutokea pia hali ambayo Kiingereza huiita kwa neno la mtoto aliyefiwa. Yatima linafaa kabisa, maana rejeleo hilo limebebwa na rejeleo jingine ambalo lenyewe halikupatikana. Hakuna haja ya kumhangaikia mtoto kwanza; mzazi akipatikana, mara nyingi naye huonekana.

Huko Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kazi hii si ya karani tu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta ukishaanguka, mchoro wa vipimo hugeuka shahidi, na shahidi asiyejua faili lake la msingi liko wapi hasaidii sana.

Yako mafaili ambayo kweli hayapo: nakala zote zimetafutwa, diski za zamani zimefunguliwa, wapimaji wameulizwa. Hapo limepotea ni neno sahihi, na liandikwe kwenye mchoro wenyewe pamoja na jina la faili na tarehe, badala ya kulifuta rejeleo ili tangazo lisitokee tena.