Gari Kuukuu Likishindwa na Tela

Wasikilizaji wetu, gari kuukuu likiwa tupu laweza kwenda vema, lakini likivuta tela katika barabara kuu nguvu zikapungua. Tusiharakishe kufungua injini, maana gharama yake ni kubwa. Mzigo hutaka petroli nyingi, na chujio lililoziba hupitisha kidogo tu. Basi tusimame kando, tuzime injini, wala moto usiwe karibu. Tufungue kifuniko cha tangi. Tangi likivuta hewa kwa sauti, na nguvu zikarudi, tundu la kifuniko limeziba. La sivyo, tubadili chujio. Kisha tusogeze mkono karibu na kila gurudumu pasipo kuligusa: lililo na joto kupita mengine, huenda breki yake imenata, nasi tusiendelee na safari.